Meru kwa Siku Moja: Yaliyo Kweli na ya Kusikia

Watu wa Arusha tunauangalia Mlima Meru kila siku, na wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Asubuhi tunautazama kujua kama mvua inakuja. Mgeni akifika tunamwonyesha kwa kidole kwa fahari, kama tuliujenga wenyewe. Likizo ikiingia tunapanga kwenda Zanzibar, Tanga, au Moshi kwa wakwe, na mlima tunawaachia watu waliopanda ndege kutoka mbali kuja kuutafuta. Kwa kuwa hatuendi, tunaujua kwa masikio. Mtaani Ngarenaro utaambiwa moja, stendi utaambiwa jingine, na kila msemaji anaapa.

Hapa nazungumzia safari moja tu, ile ninayoipenda kuliko zote zilizo karibu na jiji: kupanda kutoka Lango la Momella, kukatiza msitu, kuvuka ukingo wa kreta pale kambi ya Miriakamba, kuuona mlima kwa ndani, na kushuka siku hiyo hiyo. Ni safari ya mtu wa kawaida mwenye miguu mizima na siku moja ya mapumziko. Wapo wanaoikosa kwa woga usio na sababu, na wapo wanaoiharibu kwa ujasiri usio na sababu, na wote hao wamelishwa maneno. Nimeyachukua maneno yanayorudiwa zaidi nikayapima.

"Meru ni mlima wa wazungu"

Si kweli, na katika yote yanayosemwa hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kabla ya lango na tiketi, Wameru walitundika mizinga ya nyuki katika msitu huu, wakalisha mifugo pembezoni mwake, na wakafanya matambiko ndani ya kreta. Mahali panapoitwa Njeku, kwenye sakafu ya kreta, pana mwangati mkongwe unaotajwa hadi leo kuwa mahali pa sadaka. Waarusha nao wameishi kwenye miteremko ya kusini magharibi tangu karne ya 19. Migomba na mibuni unayoipita ukielekea mlimani imepandwa na mababu wa watu hawa.

Kisha kuna Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki, chini ya mlima. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka huko ili kuwapisha walowezi waliotaka mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa. Wameru walichanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuisema kesi ya ardhi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ni miaka 3 kabla Julius Nyerere hajasimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Baadaye Japhet na mwanasheria Earle Seaton waliiandika habari hiyo katika kitabu The Meru Land Case, kilichotoka mwaka 1967. Mtoto wa Arusha anayepanda Meru bila kuambiwa jina la Kirilo Japhet amenyimwa nusu ya mlima, na ningependa kila mwalimu anayepeleka wanafunzi kule aanze na hadithi hiyo kabla ya kuwahesabia twiga.

Hifadhi yenyewe ilianza mwaka 1960 ikiwa ndogo, ikiitwa kwa jina la kreta ya Ngurdoto. Mlima uliongezwa baadaye, na mwaka 1967 jina likawa Hifadhi ya Taifa Arusha. Leo ina eneo la kilomita za mraba 552. Wengi wa rika la wazazi wetu waliijua Momella kwa sinema ya Hatari! ya John Wayne, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa hapo hapo chini ya mlima. Watu wa mabara mengine waliyaona mabonde yale kwenye skrini kabla wakazi wa mitaa yetu ya Kaloleni na Sekei hawajafikiria kwenda kuyaona kwa macho.

Suala la fedha nalo limekuzwa. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya dola anazotozwa mgeni wa nje. Juu ya kiingilio kuna ada ya matembezi ya miguu na ya askari wa hifadhi anayewasindikiza, kwa hiyo uliza jumla yake kabla hujaondoka nyumbani. Beba kitambulisho cha taifa, maana bila hicho huwezi kuthibitisha uraia wako getini. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Kinachokula hela kwa kweli ni usafiri. Daladala za barabara ya Moshi zitakufikisha Usa River, lakini kutoka njia panda hadi Momella ni mwendo wa kilomita nyingi ambao huwezi kuumaliza kwa miguu na bado ukapanda mlima. Wenye akili hujikusanya watu sita au saba wakakodi Noah ya siku nzima na kugawana.

"Siku moja inatosha kufika kileleni"

Si kweli. Lango la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele, kwa kipimo kinachoandikwa mara nyingi, ni mita 4,566. Hizo ni mita 3,000 za kupanda na mita 3,000 za kushuka. Ndiyo maana safari ya kileleni hupangwa kwa siku 3 au 4: usiku wa kwanza Miriakamba, karibu mita 2,500, usiku wa pili Saddle, mita 3,570, kisha kuamka saa saba au saa nane usiku kwenda kulipokea jua juu. Kati ya kambi hizo mbili kuna sehemu mbili zenye majina ambayo hayahitaji maelezo, Topela Mbogo na Mgongo wa Tembo.

Lakini mtu akishaambiwa kwamba kilele hakiwezekani kwa siku moja, hukata tamaa na kudhani kwamba hakuna kingine cha kuona. Hapo ndipo anapokosea zaidi. Kwa maoni yangu sehemu nzuri kuliko zote za Mlima Meru iko ndani ya siku moja, na wengi wanaokimbilia kilele huipita wakiwa wameinamisha vichwa kuokoa pumzi.

Kutoka Momella kuna njia mbili za kufika Miriakamba. Fupi inapanda moja kwa moja kupitia uwanda wa majani na vichaka, na mwenye mwendo mzuri huimaliza kwa saa tatu hivi. Ndefu inazunguka kwa kusini, ndani ya msitu, na huchukua saa nne hadi sita. Ushauri wangu ni kupanda kwa ndefu na kushuka kwa fupi. Utauona mlima pande zake mbili, na njia ndefu ina mwinuko wa polepole ambao mwili huupokea vizuri asubuhi.

Mwanzoni unavuka mto na uwanda wenye nyati, twiga na ngiri, wote wakiwa wanalisha bila haraka. Kisha msitu unafunga. Unapita chini ya mkuyu maarufu ambao mizizi yake imeshuka ikaacha uwazi katikati, mkubwa kiasi cha gari kupita. Mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe wanaruka juu ya kichwa chako, kima wanakukaripia kutoka matawini. Miti ya mwangati na podo inazidi kuwa mikubwa, na nyuzinyuzi za rangi ya kijivu zinaanza kuning'inia, dalili kwamba umeingia mahali ambapo ukungu hulala. Jasho linapoa mgongoni. Mahali panapoitwa Kitoto, msitu ukiachia, Maziwa ya Momella yanaonekana chini, na siku ikiwa safi Kilimanjaro iko mbele yako upande wa mashariki.

Halafu unafika ukingoni. Kreta ya Meru haikuzungukwa na ukuta pande zote. Upande wake wa mashariki uliporomoka, na njia inaingilia kwenye pengo hilo. Hatua chache kabla unatazama nje, kuelekea nyika za Sanya. Hatua chache baadaye umekuwa ndani ya mlima, na mbele yako ukuta wa mwamba unasimama karibu mita 1,500 kwenda juu, kutoka sakafu ya kreta hadi kileleni. Kuna kuta chache sana za namna hiyo katika Afrika nzima. Katikati yake imekaa koni ya majivu, nyeusi, imekamilika. Mahali hapa panatosha. Mwenye miguu iliyobaki anaweza kuongeza mwendo kuelekea Njeku, akiwa na askari, na kama saa inaruhusu.

"Askari mwenye bunduki ni wa kuwafurahisha watalii"

Si kweli hata kidogo.

Ni kweli, kama watu wanavyosema, kwamba Hifadhi ya Arusha haina simba wanaoishi humo. Chui wapo, lakini wanajificha, na fisi wapo. Basi watu wakishasikia hakuna simba, wanalegea, na kulegea huko ndiko kunakonitia hofu. Mnyama wa kuheshimiwa kwenye njia ya Miriakamba ni nyati. Kundi la nyati uwandani, ukiliona kwa mbali, kwa kawaida halina neno na mtu. Wa hatari ni madume wazee waliokwisha kuachana na kundi, wanaolala vichakani kando ya njia, hasa alfajiri na wakati wa ukungu. Nyati wa namna hiyo akishtuliwa kwa karibu hatoi onyo. Tembo nao hupita msituni, na msituni tembo haonekani hadi umekuwa karibu naye mno.

Askari anafanya kazi ambayo mpandaji wa mara ya kwanza haioni. Anasoma kinyesi kama ni cha asubuhi hii au cha jana. Anasikiliza ndege wanaookota kupe migongoni mwa nyati, wakiruka ghafla anajua kuna mwili mkubwa nyuma ya kichaka. Anajua upepo unatoka wapi. Mara nyingi anasimamisha kundi kwa mkono bila kusema neno, mnasubiri, mnaendelea, na hamtajua kamwe mlikuwa mnampisha nani. Bunduki ni ya mwisho kabisa, baada ya hayo yote kushindwa.

Kwa hiyo kaeni nyuma yake, msiachane, na anayetaka kwenda kujisaidia aseme. Na spika ya muziki iachwe kwenye gari. Nimeona makundi ya vijana wakipanda na muziki wakidhani kelele zinafukuza wanyama. Kelele zinamziba masikio askari, na yeye ndiye mliyempa uhai wenu auangalie.

"Maji ya mlimani ni safi, na ukiyachemsha yanakuwa salama kabisa"

Hapa nitakaa, kwa sababu jambo hili linahusu zaidi ya safari ya siku moja.

Nusu ya kwanza si kweli kwa sababu ambayo kila mtu anaweza kuikisia: nyati, tembo na mbega wanayatumia maji hayo hayo, na vijidudu havionekani kwa macho. Maji yanayong'aa kwenye jiwe yanaweza kukulaza kwa kuhara kabla hujafika Usa River. Beba yako kutoka nyumbani, lita mbili hadi tatu kwa mtu mzima.

Nusu ya pili inadanganya zaidi kwa sababu inafanana na elimu ya afya tuliyofundishwa wote. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndiyo. Lakini katika maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru kuna kitu kingine ndani ya maji ambacho moto hauwezi kukigusa, nacho ni floridi. Miamba ya volkano ya mlima huu ina floridi nyingi. Mahali pengine chokaa iliyomo majini hushikamana nayo ikazama. Maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo, kwa hiyo floridi inabaki imeyeyuka, inashuka na mto hadi kwenye ndoo. Ukiyachemsha kwa muda mrefu, maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki ile ile. Kwa hiyo kilichobaki kwenye sufuria ni kikali kidogo kuliko ulichokichota.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto Ngarenanyuki, unaopita karibu na njia ya kuanzia safari yetu, umepimwa ukawa na zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho. Maziwa ya Momella, kule wanakokusanyika heroe, yamepimwa kwa mamia ya miligramu. Hayo hayanyweki kwa namna yoyote, na uzuri wake usikudanganye.

Mpandaji mzima akinywa kikombe kimoja hatadhurika na floridi, na hili nalo liwekwe wazi ili tusihamishe woga kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Floridi inaumiza polepole. Inawaumiza watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi: meno yanatoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Kwa wanaoishi miaka mingi na maji makali zaidi, mifupa inakaza na miguu inapinda. Watu wa mikoa mingine wanawatania wenye meno ya Arusha na Meru kwamba ni uchafu au ni chai. Ni maji ya utotoni mwao, na anayecheka anamcheka mtu kwa kuzaliwa mahali fulani. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi nayo huongeza floridi, na mama anayepikia watoto wadogo ana haki ya kuambiwa hivyo na kliniki.

Dawa yake ipo, na inatoka hapa hapa. Njiani kuelekea hifadhini, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kinachoshughulika na kuondoa floridi. Njia inayojulikana zaidi ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwa joto lililopimwa. Tengeru, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio ambalo mwaka 2015 lilishinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio hilo hupangwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika, floridi ikiwemo. Ukiwa na watoto wa shule kwenye gari, nakuomba uwaambie hayo mnapopita Tengeru na Ngurdoto. Ni sehemu ya mlima kama ilivyo kreta.

"Mlima huu umekufa zamani"

Si kweli. Meru imelala. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910, tukio dogo, wakati ambapo mji wa Arusha ulikuwa tayari una boma la Wajerumani. Wapo wazee tuliowakuta ambao wazazi wao walikuwa hai siku hiyo. Koni ya majivu unayoiona kutoka Miriakamba ni kazi ya milipuko iliyokuja baada ya mlima kuporomoka.

Kuporomoka kwenyewe kulitokea kama miaka 8,000 hivi iliyopita. Upande wote wa mashariki ulikatika ukateremka, mawe, tope na maji pamoja, ukaenea hadi mbali kwenye tambarare kuelekea Kilimanjaro. Vilima vingi vidogo unavyovipita kwa gari kati ya Ngurdoto na Momella ni vipande vya mlima ule. Maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki kati ya vipande hivyo. Kwa hiyo safari inaanza juu ya kifusi cha mlima na kuishia ndani ya shimo ambalo kifusi kilitoka. Mwongozaji anayekueleza hivyo pale langoni, kabla ya hatua ya kwanza, amekupa macho ya kutembelea siku nzima.

Hakuna sababu ya mtu kuogopa mlipuko katika siku moja ya matembezi. Lakini kusema mlima umekufa ni kuwafunza watoto jambo ambalo mlima wenyewe unalikanusha.

"Mwenye mazoezi hapatwi na ugonjwa wa mwinuko"

Si kweli. Mazoezi yanasaidia miguu na moyo, hayakupunguzii hata kidogo upungufu wa hewa. Ukichukua hewa ya pwani kuwa 100, Arusha mjini ina kama 85, Miriakamba kama 74, na kileleni karibu 57. Kwa mwinuko wa Miriakamba watu wengi hawapati shida zaidi ya kuhema na labda kichwa kuuma kidogo, na mkazi wa Arusha anayo faida ya kuishi tayari kwenye mita 1,400. Mwangalie zaidi ndugu aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam jana usiku, hata kama ni mcheza mpira. Hao ndio wanaokwenda mbio mwanzoni. Akianza kutapika, kuyumba au kuzungumza ovyo, hakuna mjadala wala dawa ya kusubiri, anashushwa.

"Ukiuona umefunikwa na wingu, ahirisha"

Nusu yake ni kweli. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia ya msituni inateleza vibaya na utatembea ndani ya maji bila kuona kreta. Hapo ahirisha. Lakini Juni hadi Agosti, miezi ya baridi ya Arusha, jiji linaweza kushinda chini ya wingu zito huku upande wa Momella, ambao ni mkavu zaidi, ukipata jua. Kila upande wa mlima una hali yake ya hewa, na dirisha la nyumbani kwako Sakina halionyeshi ya Momella. Piga simu getini, au muulize mtu wa Ngarenanyuki.

Kuhusu mavazi, nisiseme sana. Miriakamba ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi sita au saba, kwa hiyo sweta na koti la mvua havikwepeki. Viatu vya kupandia milima vinapatikana kwenye mitumba ya Krokoni kwa bei ya kuongeleka, ila vivae wiki nzima kabla ya safari. Na anayesema jua halimchomi mtu mweusi aulize waliokaa saa nne kule juu bila kofia. Kadiri unavyopanda, miale inazidi ukali, hata ngozi ikiwa inahisi baridi.

"Kushuka ni kazi nyepesi"

Si kweli, na wanaopanda vizuri ndio wanaoumia hapa. Unaposhuka, mapaja yanafanya kazi ya kuzuia mwili usianguke, kazi ambayo mtaani hayaizoei, na magoti yanapokea uzito kila hatua. Njia fupi ya kurudi Momella ni ya kushuka karibu mwanzo hadi mwisho, yenye changarawe zinazobiringika chini ya kiatu. Kata fimbo kabla hujafika hifadhini, maana ndani hairuhusiwi kukata kitu. Fupisha hatua. Kamba za viatu zikazwe upya Miriakamba ili vidole visigonge mbele.

Na saa ndiyo inayoamua kila kitu. Aliyeanza kutembea saa mbili asubuhi kwa njia ndefu atafika ukingoni saa saba au saa nane mchana. Akipumzika saa moja, akala chapati na mayai yake na kunywa chai ya kwenye chupa, anashuka Momella saa kumi na moja jioni, mwanga bado upo na nyati hawajaanza kusogea njiani. Aliyechelewa kuondoka Arusha kwa kungoja wenzake waamke asiongeze kasi mlimani kufidia. Apande njia fupi, na ikifika saa saba mchana ageuze popote alipo, hata kama hajaiona kreta. Dereva aambiwe mapema asubiri pale pale Momella, kwa sababu jioni magari ya kutoka Ngarenanyuki ni machache na huwa yamejaa, na bodaboda hairuhusiwi kukukatiza hifadhini gizani.